Sanamu Isiyo na Neno: Uchongaji na Fasihi Simulizi ya Walega wa Kivu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo wanafunzi wetu wa fasihi simulizi huligusa kijuujuu tu, nalo ni uhusiano uliopo kati ya mti uliochongwa na neno linalotamkwa. Vitabu vingi vya kiada huyatenga mambo hayo mawili. Uchongaji hupelekwa katika sura ya sanaa za mikono, ilhali methali na ngano hubaki katika sura ya fasihi. Mgawanyo huo unafaa kwa mtihani, lakini kwa jamii za misitu ya Kivu na Maniema hauna msingi. Huko zipo sanamu zilizochongwa ili zisemewe, na zipo methali ambazo hazieleweki barabara mpaka sanamu yake iwe mkononi mwa anayezitamka.

Mfano wangu mkubwa ni Walega, ambao wengi huwaita Warega. Wanaishi hasa Mwenga na Shabunda katika Kivu ya Kusini, na Pangi katika Maniema. Nitawagusa pia Wanyanga wa Walikale, Kivu ya Kaskazini, kwa kuwa utendi wao mashuhuri una la kutufundisha juu ya mti na tezo. Mimi mwenyewe si Mlega. Nimezaliwa Luberizi, katika bonde la Ruzizi, na yale ninayoyaeleza hapa yamekwisha kuchapishwa na watafiti walioruhusiwa na wenyewe. Yaliyobaki kuwa ya siri hayana haja ya kuandikwa katika jarida.

2. Mwami ni nani?

Neno la kwanza linalompoteza mtu wa bondeni ni *mwami*. Kwetu, katika Kifuliiru, na vilevile kwa jirani zetu Washi, mwami ni mtawala, naye ni mmoja katika nchi yake. Kwa Walega, mwami ni mtu yeyote aliyeingizwa katika chama kiitwacho *bwami*, na wingi wake ni *bami*. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na bami wengi. Walega hawakuwa na mfalme juu yao wote, na ofisa wa kikoloni aliyefika akiuliza mwami yuko wapi aliuliza swali ambalo katika Kilega halina jibu moja. Naamini sehemu ya uhasama wa serikali dhidi ya bwami ulianzia katika kutoelewana huko kwa maneno. Chama kisicho na kichwa kimoja kilionekana kuwa njama.

Bwami ina ngazi 5 za wanaume, kuanzia chini: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio na kindi. Wanawake wana ngazi 3, yaani bombwa, bulonda na bunyamwa, nazo hufungamana na ngazi za waume wao. Kupanda ngazi hakutegemei nguvu wala kuzaliwa tu. Mtu hupimwa tabia yake, ukarimu wake, na uwezo wake wa kuwashawishi jamaa wamchangie mali na vyakula vinavyogawanywa siku za kuingizwa. Katika kila ngazi hufundishwa, na mafundisho hayo hutolewa kwa njia ya methali zinazoimbwa, kuchezwa na kuonyeshwa kwa vitu. Baadhi ya vitu hivyo ni vya porini au vya nyumbani: gamba la kakakuona, domo la hondohondo, fuvu la sokwe, kombe la konokono. Vingine vimechongwa. Kwa jumla, sanamu na vinyago vya mti ni vya yananio na ngazi za chini yake, na vile vya pembe ya ndovu ni vya kindi.

Lengo la mafundisho yote hayo Walega huliita *busoga*. Wanaoandika kwa Kifaransa hulazimika kulitafsiri kwa maneno mawili, moja la wema na jingine la uzuri, kisha hueleza kwa kirefu kwamba Walega hawayatenganishi. Sisi wa Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa hivyo. Kivumishi chetu -*zuri* hubeba yote mawili: mtu mzuri anaweza kuwa mzuri wa sura au mzuri wa tabia, na katika Kiswahili cha Bukavu -*ema* hasikiki sana, hata *muzuri* ndilo neno linalofanya kazi zote. Kwa hiyo *busoga* inatafsirika kwa neno moja, *uzuri*, mradi msomaji asilisome neno hilo kwa miwani ya Kifaransa.

3. Sanamu na neno lake

Tuchukue sanamu iitwayo Sakimatwematwe. Jina hilo laweza kufasiriwa Bwana Vichwa-Vingi, na sanamu yenyewe huwa na vichwa au nyuso kadhaa zinazotazama pande mbalimbali. Mtu akikuta sanamu hiyo juu ya meza bila maelezo, atawaza nini? Pengine atawaza mungu, au zimwi, au pacha. Yote hayo hayamo. Methali inayoandamana nayo inamtaja mtu aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Hapo ndipo nyuso nyingi zinapopata kazi: mwami wa ngazi ya juu ni mtu anayeona mbali na anayeona pande zote, asiyehukumu shauri kwa kusikiliza upande mmoja.

Kasungalala ni sanamu iliyoinua mkono au mikono juu. Yeye ni mpatanishi, mtu anayesimama katikati ya wagomvi. Wayinda ni mwanamke mjamzito aliyezini, naye huonyeshwa ili kueleza jinsi tendo la siri linavyoharibu nyumba nzima. Inafaa ieleweke kwamba sehemu kubwa ya wahusika hawa ni wa kuonya. Mafundisho ya bwami hupenda kuonyesha uovu kwa umbo na kwa mchezo, ili mwanafunzi aujue wema kwa kuukosa. Mtazamaji anayedhani kila sanamu ni ya mhenga anayetukuzwa, au ya pepo anayeabudiwa, ameshapotea njia.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba tunaweza kuandaa orodha ya maumbo na maana zake kama kamusi. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji aliyeishi na Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kikubwa juu ya bwami mwaka 1973, alisisitiza kwamba umbo moja laweza kubeba majina tofauti, na jina moja laweza kuvaa maumbo tofauti. Sanamu sahili isiyo na alama yoyote ya pekee inaweza kuwa mhusika huyu leo katika kijiji hiki, na mhusika mwingine katika kijiji cha pili. Kinachoamua ni methali inayoimbwa, mwendo wa mchezaji, na vitu vingine vilivyowekwa karibu nayo. Kwa istilahi zetu, umbo ni kiashiria kisichokamilika. Maana hukamilishwa na fanani mbele ya hadhira yake.

Vinyago vya uso vinathibitisha jambo hilo vizuri zaidi. Kidogo cha mti chenye ndevu za nyuzi, kiitwacho *lukwakongo*, ni cha ngazi ya yananio. Kwa sababu kina umbo la uso, sisi huwaza moja kwa moja kwamba huvaliwa usoni. Mara nyingi sivyo. Huvaliwa penye paji la uso, au mkononi, au gotini. Huburutwa kwa ndevu zake. Hutundikwa juu ya ua uliotengenezwa kwa shughuli hiyo, au hulundikwa pamoja na vingine. Kila mkao una neno lake. Kinyago kinapotundikwa ukutani katika jumba la makumbusho kikitazama mbele, kimepewa mkao mmoja tu kati ya mingi, na yamkini ule usiosema lolote.

Kuna vitu ambavyo nyuma yao si methali fupi bali ni kisa. Kakakuona mkubwa ni mnyama mwenye heshima kuu kwa Walega. Husimuliwa kwamba ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba, kwani magamba yake yamepangwa moja juu ya jingine kama majani ya paa. Haliwi ovyo, akifa, mgao wake una taratibu. Gamba lake linapowekwa mbele ya mwanafunzi, kisa kizima huamshwa bila kusimuliwa tena, kama vile sisi tunavyotaja sungura na fisi kwa nusu sentensi na kila mtu akacheka.

4. Kamba ya methali

Chombo kinachonivutia kuliko vyote si sanamu, bali ni *mutanga*. Ni kamba iliyotungikwa vitu vidogovidogo vingi: manyoya, kombe, mifupa, mbegu, vipande vya mti vilivyochongwa kuwa mfano wa chombo fulani cha nyumbani. Kila kitu kinasimama mahali pa methali. Mzee hushika kamba, hugusa kitu kimoja, husema methali yake na kuieleza, kisha hupita kwenye kinachofuata. Anaweza pia kumwachia kijana aguse, yeye akasikiliza kama kijana analijua neno. Kamba hiyo hutumika kufundishia na pia kutolea hoja katika baraza.

Ni makosa kuiita mutanga maandishi, kama baadhi ya watu wanavyopenda kufanya kwa nia ya kuisifu. Maandishi humwezesha asiyejua lugha kulisoma neno, walau kulitamka. Mutanga hamwezeshi mgeni kutamka lolote. Ni kumbukumbu kwa mtu ambaye ameshafundishwa. Akifa huyo bila mrithi, kamba hubaki na manyoya na mifupa, na hakuna mtaalamu wa isimu atakayeifumbua, hata awe na ustadi gani. Tofauti hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, na nitairudia baadaye.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa ukale wa fungamano hili. Neno *kinyago* na neno *unyago* yana shina moja. Unyago ni mafunzo wanayopewa wasichana wanapovunja ungo, na katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mafunzo ya jando na unyago yametumia sanamu za udongo au mti, kila moja na wimbo wake. Hans Cory alieleza sanamu za udongo za namna hiyo kutoka Tanganyika katika kitabu alichokichapisha mwaka 1956. Mwaka huohuo Audrey Richards alitoa kitabu chake juu ya *chisungu* ya Wabemba wa Zambia, alioishuhudia mwaka 1931, ambamo vyombo vya udongo viitwavyo *mbusa* huenda sambamba na nyimbo. Msemaji wa Kiswahili wa leo anaponunua kinyago dukani amelisahau shina hilo, lugha haikulisahau.

5. Tezo la Mwindo

Hebu tuvuke kwenda kwa Wanyanga. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, fanani aitwaye Shé-Kárisi Rureke alisimulia na kuimba utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12 mbele ya Biebuyck na wasaidizi wake. Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga ambaye baadaye aliongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, waliuchapisha kwa Kinyanga na Kiingereza mwaka 1969. Kisa kinajulikana: Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anakataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa kwa hiari yake mwenyewe, kwa kupitia kidole cha kati cha mamaye, huku tayari anatembea na kusema.

Wahakiki wengi wameandika juu ya usinga, ile fimbo ya mkia iitwayo *conga*, ambayo jagina huyu anazaliwa akiwa nayo katika mkono wa kuume. Ni wachache wanaosimama kwenye mkono wa kushoto. Huko ameshika tezo. Usinga ni chombo cha utawala na cha maneno, kwani Mwindo huusemesha nao humtendea anayoyataka. Tezo ni chombo cha mchongaji. Na mara baada ya kuzaliwa kwake, mti uliochongwa unaingia katika kisa: baba anaamuru gogo lichongwe kuwa ngoma, mtoto atiwe ndani, ngozi ziwambwe, na ngoma itupwe majini. Lililokusudiwa kuwa jeneza linakuwa sauti. Ngoma inaimba ikiwa mtoni, inamtafuta shangazi yake Iyangura, na adhabu ya baba inageuka kuwa tangazo la mwana. Sidai kwamba fanani alikusudia kutoa nadharia ya sanaa. Nadai tu kwamba kwa hadhira iliyokaa pale Bese, gogo lenye sauti ndani yake halikuwa fumbo geni.

Jambo moja la isimu, kwa kupita. Zimwi ambalo Mwindo analiua huitwa *Kirimu*, na mzizi wake ndio uleule wa *zimwi*, *mzimu* na *kuzimu* katika Kiswahili. Mwanafunzi wa Bukavu anayesoma utendi huu kwa tafsiri ya Kiingereza, akikuta neno la joka la Ulaya, amepitishwa njia ndefu kwenda nyumba ya jirani.

Walega nao wana tendi zao, na N'Sanda Wamenka alizichapisha baadhi huko Tervuren mwaka 1992. Vitabu hivyo ni adimu kwetu kuliko inavyostahili.

6. Mfano wa kaskazini ya mbali

Ili kuona kwamba mambo yangeweza kwenda vingine, tutazame kaskazini kabisa ya Kanada, kwa Wainuiti wa Kinngait, mahali palipoitwa pia Cape Dorset. Mwishoni mwa miaka ya 1950, msanii James Houston, aliyekwenda Japani kujifunza uchapaji wa picha kwa mbao, aliwasaidia wenyeji kuanza kuchapa picha zao, wao wakitumia zaidi jiwe badala ya ubao, kwani miti haioti huko. Mkusanyo wa kwanza wenye katalogi ulitoka mwaka 1959. Bundi wa Kenojuak Ashevak, aliyechapwa mwaka 1960, amejulikana duniani kote. Humo pia wamo wahusika wa ngano, akiwemo Sedna, mwanamke wa baharini ambaye vidole vyake vilivyokatwa viligeuka wanyama wa bahari. (Msomaji wa Mwindo atakumbuka kidole kingine, nisingependa mtu ajenge nadharia juu ya hilo.)

Picha hizo zilitengenezwa kwa ajili ya soko, na wapo wanaozilaumu kwa sababu hiyo. Lakini ziliondoka kijijini kwa mkono wa ushirika wa wenyeji, zikiwa na jina la msanii na jina la picha. Za kwetu ziliondokaje?

7. Zilivyoondoka

Tangu mapema maofisa walikusanya na kuandika; kitabu cha Delhaise juu ya Warega kilitoka mwaka 1909. Utawala uliitazama bwami kwa shaka kwa miongo mingi, na mwaka 1948 uliipiga marufuku rasmi. Sanamu ambazo kwa desturi zilirithiwa baada ya mwenye nazo kufa, au zilizotunzwa kikapuni na mtunzaji kwa niaba ya kundi zima, zilianza kuwa mali ya kufichwa au ya kuuzwa. Biebuyck alifanya kazi yake miaka michache tu baada ya marufuku hayo, chini ya taasisi ya utafiti IRSAC iliyokuwa na makao yake Lwiro, si mbali na Bukavu. Laiti asingefika, tungekuwa na mti mwingi na maneno machache mno. Hata hivyo hakuyaandika yote, na hakuna mtu mmoja ambaye angeweza.

Leo sanamu za Walega ziko Tervuren, Los Angeles, Paris na katika nyumba za watu binafsi. Chuo Kikuu cha California kiliziwekea maonyesho makubwa mwaka 2001, na jumba la quai Branly mjini Paris likafanya hivyo mwaka 2013. Huku nyumbani, vita vya 1996-1997 na vya 1998-2003 viliwatawanya watu wa Mwenga na Shabunda, na wazee wengi walifia mbali na vijiji vyao.

Sasa upepo unageuka. Mwezi wa Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren, na mwaka huohuo bunge lake likapitisha sheria ya urejeshaji. Kinshasa ilikwisha kupata jumba jipya la taifa la makumbusho mwaka 2019. Basi tuseme kwamba baadhi ya vitu vya Walega vitarudi. Zikifunguliwa kasha hapa Bukavu, nani atazitamkia maneno yake? Mijadala ya urejeshaji huhesabu vitu, na vitu huhesabika. Hakuna orodha ya methali iliyoandamana na ile ya vitu 84,000.

8. Kazi iliyo mbele ya idara zetu

Napendekeza kwamba wanafunzi wa fasihi simulizi wanaotoka Mwenga, Shabunda na Pangi, wanapoandika kazi zao za mwisho, wapewe picha za sanamu zilizokwisha kuchapishwa na wazipeleke vijijini kwa bami walio hai, wanaume na wanawake. Bi wa bunyamwa aulizwe sawa na mumewe wa kindi; watafiti wa zamani waliwasikiliza zaidi wanaume. Swali lisiwe "Hii ni nini?" kwa kuwa swali hilo hujibiwa kwa neno moja. Aulizwe mzee: inashikwaje, nani huishika, huwekwa karibu na kitu gani, na inaposhikwa huimbwa nini? Akikataa kujibu kwa sababu ya daraja la muulizaji, kukataa huko kuandikwe na kuheshimiwa.

Methali iandikwe kwanza kwa Kilega kama ilivyotamkwa, pamoja na toni zake. Kisha ifasiriwe kwa Kiswahili, moja kwa moja, bila kupitia Kifaransa. Na pale ambapo wazee wawili wa vijiji viwili wanaipa sanamu moja majina mawili, mwanafunzi asichague. Aandike yote mawili, na jina la kila kijiji kando yake.